Kitendawili Changu Kinywani mwa Fundi

Shoga, uko? Nimejifungia jikoni.

Si unaujua ule mchezo wa kuwinda wa mjukuu, ambao mzee wangu anaucheza kwenye televisheni? Yeye analenga, mimi namchagulia risasi. Nyembamba kwa sungura, ya kichwa laini kwa swala, nene ya kichwa kigumu kwa nyati. Kazi yangu hiyo!

Leo narudi kutoka sokoni, nani kakalia mto wangu? Yule jirani fundi cherehani! Na mzee anamuuliza kwa sauti ya asali: "Sungura yule, mama. Tumpe risasi gani?"

Mama! Mimi huniita "wewe".

Fundi akacheka. "Kitendawili!"
"Tega!"
"Nimemtuma mnene kwa sungura, kaniletea masikio matupu."
"Risasi kubwa!"
Wakagonganisha viganja.

Shoga, kitendawili hicho nimekitunga MIMI. Mimi! Nilimtegea mzee tukiwa wawili tu, naye kaenda kukigawa kama karanga.

Nikaropoka: "Fundi, toa mkono wako kwenye risasi zangu!"

Risasi zangu! Bibi mzima, nimekumbatia mfuko wa nyanya, napigania risasi za kwenye televisheni. Fundi kaokota kandambili zake, kaondoka. Nami nikaingia jikoni.

Ngoja, ananiita. Eti nyati anamjia mbio, hajui aweke ipi. Simjibu. Acha akanyagwe, amwite huyo "mama" yake, fundi.

Nimemjibu.