Kila Siku Saa Nne

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kompyuta kuu imezimika tena. Saa nne, kama Ijumaa. Fyuzi nzima. Kebo nzima. Nimepima umeme ukutani, volti mia mbili na arobaini. Nimeiwasha, ikawaka kama haikuwa na neno. Madereva wa malori wamejaa uani wakingoja hati za kutolea mizigo bandarini Kilindini. Mmoja amelivunja dirisha la karani kwa ngumi. Damu mpaka kwenye kibodi.

Jumanne, 5 Machi
Nimetia pawa saplai mpya, kile kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme. Saa nne ikazimika vile vile. Meneja alinikaba ukosi mbele ya makarani, akanigongesha ukutani. "Fundi wewe, sema ni nini au sema ni nani." Nikasema huenda kuna mtu anaizima. Nilitaka aniachilie tu. Akauliza nani huingia chumba cha kompyuta saa nne. Nikamtaja Karisa, mfagizi wetu.

Jumatano, 6 Machi
Ilipozimika leo, meneja alitoka roshanini akawapa madereva jina. Walimburuta Karisa ngazini kwa miguu, kichwa kikigonga kila daraja. Uani wakampiga kwa mnyororo wa lori. Mimi nilisimama mlangoni. "Fundi, waambie," akanililia. Sikuwaambia kitu. Walimwacha taya limevunjika, jicho la kushoto limepasuka. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 7 Machi
Karisa yuko hospitali. Chumba cha kompyuta nilikifunga, nikakaa ndani peke yangu na mita mkononi. Saa nne nikamsikia meneja, upande wa pili wa ukuta, akiingia ofisini kwake na kuwasha kiyoyozi. Volti zikaanguka hadi mia na thelathini, kompyuta ikazimika, kisha volti zikarudi. Nimeufuata waya hadi kwenye kisanduku nyuma ya kabati. Skrubu imelegea, waya umeungua mweusi.
Kiyoyozi kile nilikiunga mimi, Januari, kwenye laini ya kompyuta. Skrubu sikuikaza sawasawa.
Nimeikaza. Haizimiki tena, hata kiyoyozi kikiwaka.

Ijumaa, 8 Machi
Nilimweleza meneja. Akasema yamekwisha, ninyamaze. Nikashuka uani nikawaambia madereva: kosa ni langu, Karisa hana hatia. Kisha mmoja akanipiga mtaimbo mkononi, na waliobaki wakafuata kwa mateke. Wale wale. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Naandika kwa kushoto.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda Bondeni nyumbani kwa Karisa; hospitali wamemruhusu. Jicho halitaona tena. Mkewe alinipa kigoda, hakunikaribisha. Nikawaeleza yote, tangu skrubu hadi jina. Nikasema kesho nitaandikisha maelezo polisi, nimtaje meneja, niwataje madereva, kisha nijitaje na mimi.
Taya la Karisa limefungwa kwa waya. Alisema polepole, kupitia meno.
"Jitaje kwanza."
Nikaitikia. Mkewe alileta chai, akaweka vikombe viwili, chake na cha mumewe. Nilikaa nao mpaka wakamaliza, kisha nikaondoka.