Juu ya Nini Nilifika Beni na Sikukuja Butembo

Nairobi, siku ya posho, Jumamosi

Yaya wangu Mumbere, kaka yangu mukubwa,

Amani iwe na weye fasi ile uko, yenye sitaiandika hapa. Mama anaamuka namna gani? Ile dawa ya magoti nilituma ilimufaa ao hapana? Muke wako na batoto bako bazima? Mvua inanyesha huko, ao maharagi inakauka mu shamba? Shiye huku tuko bazima. Paluku, bwana yangu, anashona nguo kama zamani. Mutoto wetu Masika anatembea sasa, na kila kikombe chenye anafikia anakiangusha. Mwili wangu hauna ugonjwa. Ni roho njo haijatulia tangu nirudie.

Barua hii naiweka mu mikono ya Mama Kahindo, yule muchuruzi wa bitenge wa mutaa wetu wa Butembo. Ataificha katikati ya mali yake. Ukiisha kuisoma, umusomee Mama, halafu uitie mu moto wa jiko. Usiilaze mu nyumba hata siku moja.

Nilipata neno la Mama. Anauliza: "Katungu, balikuona Beni. Kutoka Beni mpaka huku ni safari ya asubuyi moja tu. Nilikukosea nini?" Yaya, nilisoma mustari ule nikiwa nasimama, nikakaa chini. Ni kweli nilikuwa Beni, na nililala kule siku ine. Sasa niwaelezee, na kisha weye uhukumu.

Unajua huku tunaishi na karatasi ya ruhusa ya kukaa. Yangu ilikuwa karibu kuisha. Mutu mwenye hana hiyo karatasi, bakimukuta mu njia, banamurudisha ku mupaka. Jirani yetu mumoja, mwanamuke wa Bukavu, alitoka kununua mukate na hakurudia. Batoto bake babili balikaa kwetu juma nzima mpaka bwana yake akafika kutoka safari. Yule mudogo alikuwa anasimama ku dirisha kila saa. Tangu hapo, kila nikitoka inje nilikuwa nafunga Masika mu mugongo, hata kama ni kwenda kuteka mayi, juu nilijiambia: bakinikamata, batukamate pamoja.

Basi nikabeba ile karatasi ya kuzaliwa ulinitumia, ile ulisinia weye mwenyewe, sahihi yako chini, ku bureau yako ya état civil, fasi unaandika benye kuzaliwa. Mwanamuke wa bureau ya huku akaigeuza-geuza, akaniambia na Kiswahili chao: "Karatasi ni nzuri, mama, lakini aliyeweka sahihi hatumjui. Huko kwenu ni vita, kila mtu ana muhuri wake. Mkubwa wake aithibitishe, aweke sahihi yake juu ya hii. Na wewe mwenyewe uwe mbele yake, uweke kidole."

Mukubwa wenu wa kazi alikuwa Beni. Basi ilibaki kwenda. Nikamuachia Paluku mutoto, nikapanda bisi mpaka Kampala, kisha Kasese, nikavuka ku Kasindi na miguu. Sikuwatumia habari. Nilitaka nimalize ya karatasi, halafu niingie tu mu nyumba wakati munakula, Mama ashituke na furaha. Hiyo njo ilikuwa mawazo yangu.

Ku Kasindi nikapata pikapu ya Beni, na juu ya pikapu nikamukuta Mama Kahindo amekaa juu ya bitenge byake. Tulifurahi sana. Aliniambia habari ya kwaya, na namna ulivyonenepa, na muke wako anavyokucheka juu ya ile. Tulikuwa bado tunacheka wakati gari ilisimama mbele ya daraja ya Semliki.

Kulikuwa bariere, kizuizi cha baaskari. Basoda bakasema bote bashuke, banaume kule, banamuke huku, makaratasi mu mukono. Mwenye alikamata yangu alikuwa mwembamba, ametia kalamu ya bike mu kofia yake. Akaisoma mara moja. Akaisoma mara ya pili. Halafu akaweka kidole juu ya jina lako.

"Huyu Mumbere mwenye anasinia hapa, unamujua?"

Nikauliza: "Juu ya nini?"

"Anapatiaka maadui makaratasi. Batu ba upande ule ingine banapita hapa, tunakuta sinyatire ni hii. Tunamutafuta. Unamujua?"

Yaya, unajua namna tunaitwa shiye Banande, kila mutoto na jina la zamu yake ya kuzaliwa, na majina ni yale yale mu kila nyumba. Mumbere na Katungu, mutu wa inje hawezi kujua kama ni batoto ba mama mumoja. Mimi nilijua hawezi kujua. Nikasema: "Hapana. Simujue. Nilipokea karatasi ku dirisha, sikuona hata uso wake."

"Baba yako iko wapi?"

"Alikwisha kufa."

"Uko na ndugu mwanaume?"

"Hapana. Niko peke yangu."

Neno la kwanza nilisema juu ya kukuficha. Lakini hili la pili lilitoka lenyewe, mbio, kama mutu anayetupa kitu chenye kinamuchoma. Weye uliacha masomo juu mimi niendelee. Weye ulinibeba mu mugongo mpaka hospitali wakati wa surua, na mvua juu yetu. Na mimi nilisimama pale mbele ya daraja nikasema sina ndugu.

Yule soda akageukia Mama Kahindo. "Na weye mama, unamujua huyu?"

Mama Kahindo hakuniangalia. Mikono yake ilikaza kamba ya bitenge. "Tulikutana ku Kasindi," akasema. "Tulipanda gari moja tu."

Akaandika jina langu mu kaye, daftari yake. Akauliza nitalala wapi Beni, nikasema kwa batu ba kanisa. Akanirudishia karatasi, akasema: "Muji ni mudogo. Tutakuona."

Beni nilifikia kwa Mama mudogo Kavugho, mudogo wa Mama. Kesho yake asubuyi Mama Kahindo alikuwa anaendelea Butembo, na mimi nilikuwa nimevaa biatu, mufuko mu mukono, niende naye nikuambie ujifiche. Mama mudogo akasimama mu mulango. Alisema pole pole, kama mutu anayeongea na mugonjwa: "Jina lako liko mu kaye yabo. Ukipanda gari ya Butembo leo, si weye unaenda kwa Mama yako. Ni weye unabapeleka." Nikavua biatu. Mwambie Mama ni pale safari yangu ya kwake ilikatika, hapana fasi ingine. Nilikaa chini mbele ya mulango na biatu mu mikono, na gari ikaenda. Nilikuwa nimemuomba Mama Kahindo asiongee chochote cha bariere mu njia, wala mu soko, wala kwako, juu basoda balimuona na mimi. Ndiyo sababu alibaambia tu kama aliniona. Musimukasirikie.

Siku ile ile nilienda ku bureau. Mukubwa ni muzee wa miwani, ameifunga na uzi upande mumoja. Ku benchi ya karibu na mulango kulikaa soda mwingine, bunduki juu ya mapaja, anakula karanga. Muzee akasoma karatasi, akasema: "Ili nihakikishe, lazima mutu aniambie anamujua mwenye kusinia, na kama huu ni mukono wake kweli. Unamujua?"

Karanga ikaacha kuvunjika. Ao labda ni mimi nilisikia vile. Nikasema nitarudia kesho, nikakamata karatasi yangu, nikatoka, na mugongo wangu wote ulikuwa unangojea sauti ya kuniita.

Mu jiko ya Mama mudogo nilichambua maharagi mpaka jioni, na sikuona hata jiwe moja. Nikisema namujua, ninakutia mu mikono yabo. Nikisema simujue, karatasi inakufa, na siku moja Masika atasimama ku dirisha kama yule mutoto wa jirani. Mama mudogo hakunipa shauri. Aliomba tu, na akaniwekea bugali na sombe, yale majani ya muhogo.

Siku ya tatu nikaenda mapema sana, mbele soda hajafika. Muzee alikuwa peke yake, anafungua madirisha. Nikasukuma mulango nyuma yangu. Nikashika meza, nikasema: "Muzee, mwenye kusinia ni yaya wangu. Baba alipokufa, yeye njo alinilea. Huu ni mukono wake. Sasa fanya yenye unataka."

Alikaa, akafungua droo, akatafuta kashe, muhuri wake, akaitafuta wakati murefu sana. Mimi nilikuwa nahesabu hatua mpaka mulango.

"Nilijua toka jana," akasema. "Mutu mwenye hamujui mwenzake anasema hapana, basi. Weye uliangalia mulango."

Akasinia. Akapiga kashe juu ya sinyatire yako. Akakamata kidole changu, akakitia mu wino, akakikanyaga juu ya karatasi. Halafu akaanza kunipanguza wino na kipande cha gazeti, na bila kuinua macho akasema: "Huyo mutu wako asilale kwake tena. Balipita hapa kuniomba mufano wa sinyatire yake. Mimi sikusema kitu. Na weye haukusikia kitu."

Sasa unajua lile neno la kukuonya lilitoka wapi. Ulidhani Mama mudogo alikuja Butembo juu ya kilio cha mutu wa kanisa, na alivaa kweli kitenge cha matanga, na ku kila bariere alisema anaenda kuzika. Lakini safari yake ilikuwa moja tu: kufika kwako na kukuambia "Toka leo." Nilimukataza kutaja yule muzee, na nilimukataza kunitaja mimi, juu niliogopa ukisikia niko Beni utakuja kunitafuta. Nakujua.

Mimi sikuweza kurudi njia ya Semliki. Mama mudogo, mbele ya kuondoka, alifumua upindo wa robe yangu akashonea karatasi ndani. Muchungaji mumoja wa kanisa akanibeba na moto, pikipiki yake, upande wa Kamango. Matope ilikuwa mpaka magoti, tulisukuma zaidi ya kupanda. Kila tukisikia sauti ya mutu mu shamba la kakao, tulisimama tukasikiliza. Nilivuka Uganda na miguu pamoja na banamuke benye kubeba ndizi, mukungu wa ndizi wa mutu juu ya kichwa changu, nikijifanya mumoja wao. Nilipofika ngambo sikufurahi. Nilipapasa upindo kama karatasi iko.

Huku karatasi ilikubaliwa. Mwanamuke yule yule alisoma, akaita mwenzake asome, akanipa ruhusa. Ilichukua wakati mudogo kuliko kunywa chai. Nikatoka inje na sikujua niende upande gani.

Paluku nilimuelezea kila kitu nyuma ya juma moja. Akauliza: "Na Mumbere anajua ulisema nini ku bariere?" Nikasema hapana. Akasema: "Umuandikie weye mwenyewe, asisikie kwa mwingine." Ndiyo sababu naandika.

Juzi Mama Kahindo alipofika huku kununua mali, alinieleza basoda bakafika ku bureau yako siku moja tu nyuma ya kutoka kwako. Bakavunja droo, bakabeba madaftari, bakauliza majirani, na majirani bote bakasema ulienda kutafuta dawa ya mugonjwa. Siku moja, Yaya.

Na bado naogopa. Namuogopa yule muzee, hapana juu ya ubaya wake lakini juu ya wema wake. Yeye peke yake anajua, na siku bakimupiga atasema nini? Nani angemulaumu? Mimi hakuna mutu alinipiga, na nilisema sina ndugu.

Nakuomba, usirudie ku bureau. Hata bakikuita na barua nzuri yenye kashe, hata bakisema kila kitu kimeisha. Ukiona njia inafunguka, chukua Mama na bako bote mukuje. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, lakini Paluku amekwisha kupata godoro ingine. Alileta jana, bila mimi kumuomba.

Kuna kitu kimoja ninangojea. Unitumie neno, hata moja, hata kama ni la hasira. Nitapokea hasira yako vizuri kuliko kukaa hivi bila kujua.

Umusalimie Mama sana, umwambie hakunikosea kitu. Salamu kwa muke wako, na batoto bako bote, umukumbatie yule wa mwisho mwenye bado sijamuona. Salamu nyingi kwa Mama mudogo Kavugho, mama yangu wa pili, ukipata mutu wa kumufikishia. Salamu kwa pasta wetu, na kwa majirani benye balisema ulienda kutafuta dawa. Mungu abalinde bote mpaka tuonane na macho.

Ni mimi, mudogo wako, mutoto wa mama yako na wa baba yako,

Katungu