Mume Wangu Amekaa Chini

Jumatatu, 9 Mei 1892

Imethibitishwa. Jumapili, uwanja wa kituo cha polisi hapa Okayama: mtu mmoja wa jujitsu, mieleka yetu ya kale, mtu mmoja wa judo, ile mpya. Shule itakayoshinda ndiyo itakayowafundisha polisi. Wa judo anatoka Tokyo, anaitwa Hirata, na wanasema akishakukamata ukosi huna lako. Wa jujitsu ni Tokujiro. Mume wangu!

Baba aliacha kula, akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Akasema Tokujiro akiiaibisha shule yake ya jujitsu, arudi kwao. Basi. Akaendelea na figili zake. Na anaweza, maana Tokujiro ni mkwe wa kupokelewa: alihamia kwetu, akachukua jina letu, airithi shule kwa kuwa Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Wakwe wa namna hiyo hurudishwa. Mke haulizwi.

Jumanne, 10 Mei

Tatizo ni bega. La kulia, hutoka mahali pake. Baba hajui. Limetoka mara kwa mara tangu majira ya baridi, na mimi ndiye ninayelirudisha, ghalani, yeye kauma taulo. Binti wa muunga mifupa nitashindwaje? Tangu mabwana wenye panga waondolewe, ukumbi wa Baba wa mazoezi haulishi mtu. Tunakula kwa mifupa ya watu.

Hirata akimrusha mara moja tu, bega kwisha, pambano kwisha, na mume kwisha.

Nikamwambia basi usirushwe. Alikasirika. "Wewe unayeingia ukumbini kufagia ndiye utakayenifundisha?" Kweli, naingia kufagia, na soksi zangu miguuni. Wanaovua soksi ni wanaopigana. Lakini wakati nafagia sifumbi macho.

"Kaa chini," nikamwambia. "Mtu aliyekaa utamwangushia wapi?"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Halafu hakulala.

Alhamisi, 12 Mei

Ghalani tena, Baba alipokwenda kwa mgonjwa. Mimi nikawa Hirata. Nilivua soksi! Nikainama kumwinua kwa ukosi, maana watu wa judo lazima wakusimamishe ndipo wakurushe, na yeye akaubana mguu wangu kati ya miguu yake. Mara ya kwanza nilichomoka kirahisi tu. Nikamwambia inua kiuno kwanza, ndipo ubane. Akainua. Lo! Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Kifundo kinauma mpaka sasa. Nimefurahi kijinga.

Jumamosi, 14 Mei

Hali chakula. Nilimuuliza kama atakaa kweli. Akasema mbele ya polisi wote, mbele ya Baba, itaonekana amejisalimisha. Nikasema ndiyo, itaonekana hivyo. Ningemdanganya?

Nampenda huyu mtu. Sijawahi kuliandika hilo. Sitaki arudishwe.

Jumapili, 15 Mei

Bega liko mahali pake! Naanza na hilo.

Sisi wanawake tulisimama nje ya uzio. Kando yangu Otsune, muuza tofu ya soya, mdomo haufungi. Hirata akaingia: shingo nene, uso wa kitoto. Wakainamiana. Na Tokujiro, mume wangu, akakaa chini. Uwanja ukalipuka vicheko.

"Mleteeni mto!"

"Anangoja chai huyo!"

Otsune naye: "Dada Shige, mumeo ana njaa au anaumwa?" Nikamwambia auze tofu yake.

Baba alisimama mstari wa mbele. Aligeuka, akatoka. Alipita karibu nami bila kunitazama. Nikasema moyoni, nimemponza.

Hirata alizunguka, akazunguka. Hakuna cha kurusha. Mwishowe watu wakaanza kumzomea yeye, akaona haya, akainama akashika ukosi amwinue—kama mimi ghalani! Kiuno juu. Mguu ukabanwa. Hirata akaanguka kifudifudi. Alitakiwa kupiga mkeka kukubali kushindwa. Hakupiga. Tokujiro alikuwa akimsihi, nilisikia kwa masikio yangu: "Piga mkeka, kaka, tafadhali, piga!" Hakupiga mpaka kifundo kilipolia.

Nililia mbele ya Otsune. Afadhali. Afadhali, afadhali, afadhali.

Lakini kurudi nyumbani tukakuta furushi la Tokujiro mlangoni, limefungwa vizuri. Baba amelifunga mwenyewe. Anasema ushindi wa kulala chini si wa shule yetu. Hataki kueleza, hataki kuelezwa.

Jumatatu, 16 Mei

Asubuhi wamemleta Hirata juu ya ubao wa mlango. Tulichovunja tunakiunga, ndiyo desturi, na muunga mifupa ni Baba. Hakumnung'unikia. Akamkunja, akavuta, kifundo kikalia, kikaingia. Hirata jasho tupu, akashukuru kwa adabu sana. Kijana mzuri, kusema kweli. Kaniuliza kama tuna maandazi ya maharagwe.

Tokujiro yuko uani amekaa na furushi lake. Baba hajamfukuza, hajamwita. Polisi nao bado hawajasema watachukua shule ipi. Mimi niko jikoni, naandika huku mchele ukichemka. Ukuta ni wa karatasi.

Baba anamuuliza Hirata: "Alikushika hapa?"

"Hapana, mwalimu. Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Halafu sijui alifanya nini."

Kumbe hakuona! Alitoka kabla. Na kumuuliza mkwe wake hawezi, angeona bora afe, anamuuliza aliyevunjika. Nimeziba mdomo kwa mkono nisicheke.

Sasa kishindo kidogo. Nimechungulia. Baba kakaa chini kwenye mkeka! Mzee mwenye mvi, kaubana mguu wa Hirata usioumia, uso umemwiva. Hirata kachomoka kirahisi tu. Tena. Kachomoka tena. Baba anatukana kwa sauti ya chini.

"Tokujiro!"

Mume wangu kaingia mbio, furushi bado mkononi. Baba hajamwambia aliweke, wala hajamwambia aondoke nalo. Anamuuliza tu kwa nini mguu unachomoka.

"Inua kiuno kwanza, Baba. Ndipo ubane."

Kishindo. Hirata: "Aa! Aa! Ndiyo hivyo, mwalimu! Napiga mkeka, napiga!"

Baba anahema. Halafu anauliza nani aliyemfundisha hilo, maana yeye hakumfundisha.

Mchele unafurika na siugusi. Sema, Tokujiro, sema tu, siwezi kungoja zaidi—

"Mwanao, Baba."

Nasikia furushi likiwekwa chini.

"Shige!" Baba huyo. "Njoo huku. Na uvue soksi."