Mpango wa Shemeji

Kwa dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Baada ya salamu nataka kujua hali yako, hicho kikohozi kama kimekuachia, na hicho chumba cha chuoni ulichosema kinavuja kama tayari wamekiziba. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua akishuka ngazi, na hataki kusikia habari ya mkongojo. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka, na sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho, kwa hiyo nakuomba usiikunje barua hii katikati. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize ninachosema.

Najua shemeji ameshakueleza yaliyotokea kwenye baraza la madiwani. Yuko hapa kwetu tangu juzi, analala sebuleni, na simu aliyokupigia niliisikia nusu kupitia ukuta. Amekwambia kwamba mdogo wako amemuanika mbele za watu. Ni kweli. Uliponipigia ukaniomba nisimame kikaoni nimtetee mumeo, uliniambia wazi kwamba mpango wake ukikataliwa mkataba wake hautaongezwa, na nyumba ya halmashauri mtaihama. Sikukuahidi kitu, ila sikukataa pia, nawe ukachukulia kwamba nimekubali. Sasa nisikilize.

Mumeo, dada, ni mtu mzuri wa kukaa naye kwenye kochi. Anavaa akapendeza, anacheka vizuri, na ukimpa kipaza sauti huwezi kumnyang'anya. Lakini kazi ya ukurugenzi anaijua kama mimi ninavyojua kurusha ndege. Alipokabidhiwa ofisi, jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha mapazia. La pili ni kugeuza meza, ili anayeingia amwone yeye kabla hajaona kiti cha kukalia. Halafu akatuita wakuu wa idara wote ukumbini, akawasha projekta, akatuonyesha duara lenye mishale inayokimbizana, akatangaza mzunguko.

Mzunguko maana yake kila mkuu wa idara aondoke kwenye kazi anayoijua aende kwenye asiyoijua. Alisema tumejijengea falme humu ndani, na kwamba kiongozi wa kweli haongozi kazi, anaongoza watu. Mhandisi wa barabara akapelekwa maktaba. Mkutubi wetu, mama wa watu anayeogopa hata kuvuka barabara, akapewa barabara. Mimi niliyezoea taka na mitaro nikapewa maji ya mji mzima, na bwana maji akapewa taka zangu. Huyo bwana maji simpendi, nilishakwambia. Ana majivuno, na akikupa mkono anaufuta kwenye suruali mbele yako. Lakini ndiye anayejua dawa ya kutibu maji itiwe kiasi gani mto ukijaa na kiasi gani ukipungua. Mji mzima unakunywa kwa akili yake.

Tulipiga makofi. Hakuna aliyefungua mdomo, hata huyo mhandisi anayejifanya jogoo tukiwa nje. Tulipiga makofi mpaka shemeji akatuinulia mkono tutulie, halafu tukaenda kantini kunywa chai.

Yaliyotokea kantini hakuna aliyeyapanga. Nilikaa na faili la maji mbele yangu, sielewi hata ukurasa wa kwanza, na meza ya pili bwana maji ameikodolea macho ratiba ya magari ya taka kana kwamba imeandikwa kwa damu. Nikaona mbali. Nikaona maji yameharibika, madiwani wamechachamaa, shemeji amefukuzwa, na wewe umerudi na masomo nusu. Nikanyanyuka, nikamsukumia faili lake, nikachukua langu. Mhandisi akatuona, akaondoka mbio kumtafuta mkutubi.

Kuanzia hapo saa ya chai ikawa ndiyo halmashauri yenyewe. Kila mtu anaingia na kazi ya mwenzake kwapani, anatoka na yake. Tulikaa kwenye ofisi za uongo zenye vibao vya uongo mlangoni, na kazi yenyewe ikafanyika palepale kwenye vikombe vichafu na harufu ya mafuta ya kukaangia. Mhudumu wa kantini aliacha kutuuliza tunakula nini, akawa anatuelekeza nani kakaa wapi. Mkutubi alijifunza kujibu simu za barabara kwa kusema analifanyia kazi, kisha anamtumia mhandisi ujumbe.

Na mambo yakaenda. Yalienda vizuri kuliko zamani, maana mtu anayefanya kazi kwa kuiba huikagua mara mbilimbili. Ripoti zikapanda kwa shemeji zimenyooka, akazisoma, akaamini. Akaanza kualikwa kuwafundisha wakurugenzi wenzake namna ya kuleta mageuzi bila manung'uniko. Safari moja alirudi na maua ya plastiki na katoni ya fulana zenye lile duara kifuani, akatugawia. Siku hiyo nilimdharau sana, dada, na mwenyewe nilijidharau zaidi, kwa sababu fulana niliivaa.

Mara moja tu kantini ilituangusha. Bwana maji alilazwa na homa kali, simu imezimwa, na tangi kubwa lilikuwa limetoka kusafishwa, linasubiri dawa. Nikaitia mimi, kwa kukisia, na nikazidisha. Watu walifua nguo zikatoka zimepauka. Mama mmoja alikuja ofisini na sare za shule za wanawe, zilizokuwa za bluu, akazitandaza mezani kwangu. Alipoondoka nilienda kulia chooni. Ningepunguza badala ya kuzidisha, angeniletea watoto wenyewe wanaharisha. Shemeji alipopewa taarifa alisema hiyo ni changamoto ya mawasiliano, akaagiza bango la kuomba radhi libandikwe getini, lenye picha yake.

Hata hapo nilinyamaza. Kilichonitoa kwenye kunyamaza ni awamu ya pili, hiyo uliyotaka niitetee. Shemeji alifikiri hivi: ikiwa mtu wa taka ameweza maji na mtu wa vitabu ameweza barabara, wataalamu wa nini? Idara zote ziwekwe chini ya maafisa huduma wa jumla wachache, vyeo vya kitaalamu vifutwe, maabara ya maji ifungwe. Bwana maji alipewa notisi kabla hata baraza halijakaa. Alikuja kantini, akaketi mbele yangu bila kufuta kiti, akaniuliza kama najua kazi yoyote inayoweza kumpokea mtu wa umri wake. Nilikuwa nawaza tangi.

Basi baraza likakaa. Hao madiwani unawajua. Wawili walikuwa wamesinzia kabla dua ya kufungua kikao haijaisha, mmoja anajipiga picha, na kila mmoja amewekewa mbele yake chupa ya maji ya dukani, maana maji ya mji wetu hakuna diwani anayeyaonja. Shemeji aliongea kwa madaha. Mwisho akasema hana haja ya maneno mengi, ushahidi uko hai, akaninyooshea mkono mimi, mwanamke wa taka aliyeweza maji. Alikuwa anatabasamu. Nadhani aliamini kweli.

Nikasimama, nikasema yote. Nikawaambia mzunguko haukufanya kazi hata siku moja, na kilichofanya kazi ni uongo wetu wa saa ya chai. Nikawaambia nani alikuwa anafanya nini, na sare zile zilipauka kwa mkono wa nani. Waliosinzia wakaamka. Diwani mmoja akamtaka shemeji aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, alipimaje mpaka akajua kwamba afisa mmoja anaweza kubeba maji na taka kwa pamoja. Shemeji akafunua karatasi, akafunua tena, jasho likamtoka mpaka kwenye kola. Kisha akasema neno ambalo najua kwenye simu alikuficha.

Alisema mpango si wake. Alisema umeuandika wewe mkewe, huko chuoni, kama zoezi la darasa, awamu ya kwanza na ya pili, na kwamba mwalimu wako alikupa alama ya juu kuliko wote. Alilisema hilo kama utetezi, dada. Alirudia kuhusu alama.

Sijui nilikaaje chini. Muda wote ule nilikuwa namtukana moyoni mjinga aliyechora lile duara, na mjinga mwenyewe alikuwa ananipigia kila Jumapili kunijulia hali. Uliniuliza mzunguko unaendeleaje, wafanyakazi wanaupokeaje, nani analalamika. Nikadhani ni mke anayemwonea mumewe huruma. Kumbe ulikuwa unakusanya majibu. Na mimi, ili nisikupe mawazo ukiwa masomoni, nilikujibu kila mara kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kwa hiyo awamu ya pili umeijenga juu ya uongo wangu, hilo nalikubali. Lakini maji yale mama yetu anayanywa, dada, na ulikuwa radhi kumpa mtu yeyote ayatie dawa, bila hata kuniuliza inatiwaje.

Baraza limekataa awamu ya pili. Bwana maji amerudi kwenye maabara yake na ameshaanza tena kufuta mkono. Mumeo amesimamishwa. Mimi na mhandisi tumepewa onyo kali kwa kumdanganya mwajiri, na tumestahili. Halafu mwenyekiti, baada ya kutafakari kwa kichwa kile alichojaliwa, akasema kwamba kama mwenye akili nyumbani mle ni mke, basi aitwe mke aje akaimu. Wakapiga makofi. Watakupigia wiki hii.

Sijui utawajibu nini. Akili unayo, tangu utotoni hakuna aliyebisha. Ila ulichora mishale, na kila mshale ulikuwa mtu ambaye hukutaka kumjua. Ukikataa, nitakushukuru. Ukikubali, elewa jambo moja kabla hujapanga mizigo. Mumeo nilimbeba kwa ajili yako. Ukikaa wewe kwenye kile kiti, mimi nitakubeba kwa ajili ya nani? Siku utakayokosea itajulikana siku hiyohiyo, na wa kwanza kusimama nitakuwa mimi.

Nisalimie wenzako wa darasani. Kikohozi usikipuuze. Shemeji anakula vizuri, asubuhi anavaa tai kisha hana pa kwenda. Mama tumemwambia nyumba yenu inapakwa rangi. Anakusalimu sana, na jana aliniuliza kama masomo yako yanakwenda vizuri. Nikamwambia umepata alama ya juu kuliko wote. Amefurahi mno, tangu asubuhi anapita kwa majirani kuwaeleza.

Ni mimi mdogo wako,
Kisirani, kama mlivyoniita wenyewe.