Barua ya Siri Iliyorudi Idara ya Maji

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: Mwanamke, miaka 51, karani wa masijala, Idara ya Maji. Kazini huitwa Bi Faili.
Makazi: Nyumba za watumishi, nyuma ya idara.
Shauri: Kufichuliwa kwa mtoa taarifa.

Nina miaka kumi na tisa masijala. Kila barua inayoingia naifungua mimi, naiandika daftarini, ndipo inakwenda kwa mwenyewe.

Mnamo Jumanne tarehe 4 Machi, saa nne asubuhi, tarishi alileta bahasha kutoka ofisi ya malalamiko. Ilikuwa na muhuri wa "siri", ila imeandikiwa mkuu wetu wa idara. Niliifungua. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ambayo mpimaji wetu wa maji aliiandikia ofisi hiyo, jina na sahihi yake vikionekana wazi. Alieleza kwamba tangi la hospitali limeingiliwa na maji ya choo, na kwamba mkuu alimwamuru aandike kuwa ni safi. Juu yake palibanwa kikaratasi: "Tafadhali toa maoni yako."

Sheria inasema jina la mtoa taarifa lisimfikie anayelalamikiwa. Imebandikwa ukutani kwetu.

Mkuu alikuwa safarini. Alirudi Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, nikampelekea. Aliisoma amesimama. Akasema, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akaniuliza, "Umeisoma?"

Nikajibu, "Mimi nafungua tu, mzee."

Saa tano mpimaji alinyang'anywa ufunguo wa maabara mbele ya wenzake, akapelekwa stoo ya mabomba. Jumatatu akasimamishwa kazi kwa "utovu wa nidhamu".

Tarehe 17 wagonjwa kumi na mmoja wa wodi moja waliharisha, na wauguzi wakakataa kuyatumia yale maji. Tangi likafungwa. Mpimaji hajarudishwa kazini.

Jana jioni nilikwenda kwake. Nilimkuta akikunja nguo. Akaniuliza, "Dada, ile barua ilipita mkononi mwako?"

Nikasema ilipita.

Alikunja mpaka nguo zikaisha. Ndipo akasema, "Basi kaseme."

Nimekuja na daftari la barua. Niliyoyaona ndiyo niliyoyasema, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia), 20 Machi, saa sita na robo mchana.

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Kabla ya kutia sahihi aliomba niongeze maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Jumanne ile na Jumatano yake mchana nilikula na mpimaji meza moja. Sikumwambia."