Padre Aliyejisubiri Mwenyewe

Basi ndiyo, Bi. Attracta mpendwa, nilimkubali yuleyule Fiachra niliyekuandikia habari zake gazetini kwako wakati wa Kwaresima, tumefunga ndoa juzijuzi tu na hata nikimwona anapaka mkate siagi moyo unaniruka, mikono ile ningeitazama kutwa, lakini leo naomba unisaidie maana kitumbua changu kimeingia mchanga.

Fiachra huandika vichekesho vya televisheni. Sasa amepewa kipindi chake mwenyewe, na ndani yake kuna padre mjinga, Padre Fintan. Nilipotazama sehemu ya kwanza nyumbani, kabla haijarushwa hewani, nilicheka hadi machozi, kisha nikairudisha nyuma nitazame tena, kwa sababu Padre Fintan ni mjomba wangu Colman.

Mjomba ndiye paroko wetu hapa Kerry, Ayalandi, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Siku ya harusi, akiwa na mavazi yake yote ya misa, alinishika mkono kutoka mlangoni hadi altareni kama baba, akanikabidhi kwa Fiachra, kisha akaketi benchi la mbele. Tukasubiri. Kinanda kikarudia wimbo. Mjomba naye akasubiri, akatazama saa, akamnong'oneza shangazi, "Hivi huyu padre yuko wapi?"

Mzee Malachy, mtunza sakristia, akamwinamia. "Padre, ni wewe."

"Ee Mungu wangu! Basi nimechelewa!"

Kanisa zima liliangua kicheko, na Fiachra ameyatia yote kwenye kipindi, hata ile saa.

Nikamwambia, "Mume wangu, mweleze Mjomba."

"Mpenzi, nchi nzima itampenda."

"Basi si umwambie?"

"Nitamharibia raha." Akanibusu, nami nikasahau nilichotaka kujibu.

Jumapili iliyopita Mjomba kasimama altareni na kuwaalika waumini wote waje ukumbi wa parokia kutazama kipindi cha "mkwe wetu", na akina mama wameshagawana kazi ya sandwichi na keki. Jioni akaniuliza, "Binti yangu, huyo padre wa Fiachra ni mtu mwema?" Nikasema ndiyo. Nikimwambia, nimemsaliti mume wangu. Nikinyamaza, atachekwa mbele ya parokia yake. Nifanyeje?

Muirne

*

Muirne mwanangu, hongera, na umwache mumeo ale mkate wake kwa amani.

Fiachra si mtu mbaya. Ni mwoga, nawe kila akikubusu unamsaidia kujificha. Ukumbi mzima utajua padre yule ni nani, isipokuwa mzee mmoja, naye ndiye atakayekaa mbele. Hicho si kichekesho tena, ni mtego.

Tena mumeo ameona kicheko tu, kiini hakukiona. Mjomba wako hakusahau upadre kwa ujinga. Asubuhi ile alikuwa baba, na baba wa bibi harusi hukaa mbele akimsubiri padre. Padre Fintan asiyempenda mtu yeyote kiasi cha kujisahau, watazamaji watamchoka upesi. Mwambie hivyo huyo mwandishi wako.

Kisha aende nyumbani kwa paroko wiki hii, yeye mwenyewe, asikutume wewe. Amwonyeshe Mjomba kipindi chote, wakiwa wawili, na chai mezani. Mjomba akicheka, vyema, sandwichi ziendelee. Akinyamaza, sehemu ile ikatwe hata wakubwa wa televisheni wakinuna. Mtu aliyekuoza kwa mkono wake hachekwi kwa mgongo wake.

Na wewe una deni lako. Ulimjibu kwamba padre yule ni mwema, na hukusema uongo, ila ulimpa nusu ya jibu. Kampe nusu iliyobaki kabla hajaisikia kwa jirani. Hutakuwa umemsaliti mume. Utakuwa umemwonyesha ameoa katika familia gani.

Mimi kipindi nitakitazama nikialikwa, nisipoalikwa sawa. Ila mwanamume anayeweza kusahau kazi yake kwa ajili ya binti aliyemlea, huyo nataka kumpa mkono. Mwambieni nitapita hapo parokiani kabla mwezi huu haujaisha.