Mwezi na Mzungu Siku Moja

Jumamosi, 27 Aprili 1957
Kanzu ya kumi na moja leo. Gisenyi nzima inataka nguo za Idi. Baba anakata, mimi nashona, kamusi iko wazi kando ya cherehani. Mzungu wa kahawa kutoka Kampala anatafuta karani. Ameniachia karatasi ya maneno ya Kiingereza: concurrent, simultaneous, concomitant. Yote ni ya mambo yanayotokea pamoja. Maneno yote hayo ya nini? Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Baba kanifokea.

Jumatatu, 29 Aprili
Mzungu ameleta habari. Atanipima Kiingereza Jumatano saa mbili asubuhi, hotelini, kisha anaondoka. Mwezi ukionekana kesho, Jumatano ni Idi, na sala ni saa mbili hiyohiyo. Baba kasema mara moja tu: "Ukikosa sala ya Idi juu ya Muzungu, usirudi kwangu." Concurrent. Sasa nimelielewa. Kazi hii naitaka sana. Nina miaka ishirini na sita na sijavuka Ruhengeri.

Jumanne, 30 Aprili
Mvua mchana kutwa. Nimefurahi. Naona aibu.

Magharibi tulisimama kwenye kilima cha Nengo kutafuta mwezi, watu kama kumi. Mawingu tupu juu ya ziwa. Yakaachana kidogo, nikauona, mwembamba kama uzi. Yakafunga tena. Hakuna mwingine aliyeuwahi. Baba, macho yake yameishia kwenye sindano, akaniuliza, "Salumu, we umeona?"

Nikasema hapana. Kesho mji mzima unafunga.

Jumatano, 1 Mei
Kazi nimeipata. Mzungu alitaka mfano wa mambo mawili simultaneous. Nikasema mvua na jua. Akacheka, akanimiminia chai. Nikanywa. Leo ni Idi, najua mimi peke yangu, na kufunga siku ya Idi ni haramu.

Nyumbani nimemkuta Baba kalala juu ya meza ya kukatia. Njaa na kikohozi. Nimemsihi afungue, kakataa. Nimemkasirikia yeye, halafu nimejikasirikia mwenyewe.

Alhamisi, 2 Mei
Idi. Baba kanipa kanzu mpya, kanishonea kwa siri. Anasema Mungu ananipenda, hata mwezi umenisubiri. Tumesali bega kwa bega. Barua ya kazi ilikuwa mfukoni. Naondoka Jumamosi.

Kwenye pilau kaniwekea nyama yake. Habari ya mwezi sikumwambia. Nimekula yote.